Arbuni ya Mbata

Tajiri wa Ngamiani alimega kipande cha mbata, akakitafuna taratibu, akatikisa kichwa kwa utamu.

“Mbata safi, Asmahani. Lakini kwa bei ile sizichukui.”

Asmahani alidhani anataniwa. “Si ulitoa arbuni, bwana?”

“Nilitoa. Tukapatana, nikizitaka nazichukua kwa bei ile, nisipozitaka arbuni inabaki kwako. Sasa bei mjini imeanguka. Kaa nayo, ni halali yako.”

Arbuni yenyewe, zile pesa za kutangulia, Asmahani alikuwa ameivaa: alinunulia kanga mpya, pindo bado ngumu. Kwa ajili ya arbuni hiyo alimrudisha mnunuzi wa Pangani aliyekuja na bei nono, akamwambia kwa maringo, “Hizi zina mwenyewe.” Sasa mbata za nazi za mwaka mzima zilikuwa uani juu ya jamvi, zikilowa haziuziki, na nyumba ya kuzificha mvua inavuja. Pesa za mbata hizo ndizo zingeiezeka.

“Basi nipe bei ya leo,” alisema.

Tone likaangukia mbata, likaacha doa kama shilingi yenye simba. Tajiri akatazama mawingu, akaivuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia.

“Kanga imekupendeza. Hebu nipikie kahawa kwanza. Mimi sina haraka.”