Vikombe Tisa na Profesa Morita

Nadine alikuwa kwenye kikombe cha saba, na kibofu kilianza kumlalamikia tangu cha nne.

Ng'ambo ya meza Profesa Morita alitabasamu, akainua chupa kubwa ya chai kwa mikono miwili, akamjazia cha nane. Nadine akainamisha kichwa, akaipokea chupa, naye akamjazia profesa. Ndivyo alivyofundishwa na yule mwalimu wa hesabu aliyetoka Osaka kujitolea shuleni kwao Kibondo, miaka ile alipoanza Kijapani: hujimiminii mwenyewe, unammiminia mwenzako, na kikombe kitupu maana yake mtu bado ana kiu.

Kwao Murungu, kijiji cha huko huko Kibondo, nako kuna sheria yake. Chai uliyokaribishwa huibakizi, wala huombi ruhusa ya kuondoka wakati chupa ya mwenye nyumba bado ina kitu ndani. Ukifanya hivyo umemtukana. Basi Nadine alikunywa ili amalize, na kila alipomaliza alijaziwa. Alikuwa amekaa hivyo kwa saa mbili na nusu.

Gari la mwisho la kwenda Kibondo lilikuwa linaondoka stendi ya Kasulu saa kumi. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro ishirini. Mtoto wake wa miezi mitano alikuwa Murungu kwa mama mkwe, naye hakujua kijiko wala kikombe, alijua titi la mama yake tu. Nadine alikuwa amejifunga kitenge kifuani kwa sababu blauzi ilikwisha kulowa maziwa.

Habari ya mtoto hakuitaja. Uwimana, msichana wa mradi ambako Nadine aliomba kazi, alikuwa amemwonya kwenye simu.

"Dada, wanataka mtu asiye na mambo mengi. Utafiti ni wa miaka mitatu, wa namna watu wa huku na Wajapani wanavyoelewana na wanavyokoseana. Ukimpendeza profesa, kazi ni yako. Nimeshapata nyumba nzuri hapo Heru Juu, huku Kasulu, nyuma ya kanisa. Mlango utakuwa wazi, chai iko mezani. Wewe ingia, ukae, muongee kama watu wa nyumbani."

Akaingia, akakaa. Haukupita muda, profesa akatokea mlangoni, mwanamke mfupi wa makamo, akavua viatu, akainama na kusema, "Ojama shimasu."

Masikio yalimwaka Nadine kwa aibu. Hilo ni neno la mtu anayeingia kwa watu, la kuomba radhi kwa usumbufu, na yeye alikuwa amepita mlango ule kimya kama mbuzi. Profesa alikuwa anamkumbusha kwa adabu. Nadine alilirudia neno haraka haraka, akatoa chupa ya asali aliyokuja nayo. Profesa naye akampa boksi la biskuti lililofungwa kwa kitambaa cha maua, kwa mikono miwili. Nadine akajua mtihani umeanza.

Mazungumzo yenyewe yalikwenda vizuri, tena yaliisha zamani. Sasa walibaki wanasifia vitu. Profesa alivisifu vitambaa vya makochi, vilivyofumwa kwa mkono.

"Hai, vizuri sana," Nadine akaitikia ndiyo kwa Kijapani.

Profesa akaisifu picha ya harusi iliyotundikwa ukutani. Nadine akaitikia tena, ingawa maharusi wale hakuwajua. Wageni wakubwa hupangishiwa nyumba pamoja na picha zake, akawaza.

Simu ikatetemeka mapajani. Ulikuwa ujumbe wa Epifania, mama mkwe wake: "Mtoto kakataa uji. Analia tu. Uli hehe? Uko wapi? Gari umepanda?"

Machozi yakamlengalenga. Akisema ana mtoto mchanga, kazi imekwenda. Akisimama bila kuruhusiwa, kazi imekwenda vilevile, maana watu hawa wanatafuta mtu anayejua adabu za pande zote mbili. Kwa hasira akakinyanyua kikombe, akakimaliza kwa mkupuo mmoja. Profesa akamtazama, naye akamaliza chake kwa mkupuo. Jasho lilikuwa limemkusanyika puani. Akachukua chupa.

"Dōzo," akamkaribisha kwa sauti ya kunong'ona.

"Dōzo," Nadine akajibu, akamjazia.

Saa ya ukutani ikafika kumi, ikapita. Gari limekwenda. Nadine alimchukia profesa, akaichukia chai, akajichukia yeye mwenyewe na Kijapani chake chote. Alimwona mtoto waziwazi, amekunja ngumi, akigeuza shingo kutafuta titi ambalo halipo. Alitabasamu kwa sababu profesa naye alikuwa anatabasamu.

Kikombe cha tisa cha profesa kilijaa nusu tu. Chupa ikakohoa, ikatema majani, ikaishia hapo. Nadine akashusha pumzi. Alingoja kwa heshima, macho chini. Sasa mwenye nyumba angesema neno la mwisho, na yeye angetoka mbio kutafuta hata pikipiki ya kumfikisha Murungu.

Profesa alikunywa ile nusu, akasimama kwa haraka ambayo Nadine hakuitarajia, magoti ameyabana. Alifungua daftari lake dogo, akatafuta ukurasa, akainama mpaka nywele zikamfunika uso. Kisha akasoma kwa Kiswahili cha kujikongoja.

"Mama mwenye nyumba, chai yako nimekunywa yote. Sasa naomba uniruhusu niende kwangu."