Njiti Moja

Mvua ilikuwa imelowesha kuni, lakini moto wa binti ulilipuka kwa njiti moja tu ya kiberiti. Kuwasha kwa njiti moja ndio uliokuwa mtihani wa skauti wa kupanda daraja, na wazazi wote wakapiga makofi.

Mama hakupiga. Alipoinama kumbandika mwanawe beji, alisikia harufu ya mafuta ya taa.

“Umezimwagia nini hizi kuni?”

“Sijamwagia kitu, mama. Haki ya Mungu!”

“Mwongo we! Hata aibu huna?”

Alimtazama kwa kinyaa, utadhani si yeye aliyemzaa. Akaifumbata beji, akaenda kumrudishia kiongozi wa kikosi.

Kiongozi alicheka, akampa mkono wa kushoto, kama skauti wanavyosalimiana. “Tulia, mama. Wageni wamekuja kutuona, halafu watoto waniaibishe? Kila fungu la kuni nimelirashia mafuta mwenyewe. Wao hata hawajui.”

Kiganja chake kiliteleza. Mama aliuchomoa mkono wake, akaufuta kwenye gauni, akaufuta tena. Harufu ikagoma kutoka.

Alipogeuka, binti hakuwepo. Skafu yake ya skauti ilikuwa juu ya nyasi, imekunjwa vizuri.