Taa Nyeupe Juu ya Kioo

Kombo alisimama mlangoni mwa bafu na balbu mbili mkononi. "Tufunge ya njano, mke wangu. Nyeupe inaanika kila kitu."

"Nyeupe!" Siwema alidakia. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho majuzi tu, baada ya miaka ya kupapasa kuta, na subira ilikwisha kumwishia.

Kombo akaifunga juu ya kioo, akarudi mlangoni kwenye swichi. Taa ikawaka. Siwema akasogea kiooni, akashika makunyanzi, akashika mvi, akapiga kigelegele. "Jamani, mama yangu huyu!"

Kisha akageuka. "Na wewe njoo kwenye mwanga, nikuone."

Kombo hakuingia. Alirudi nyuma gizani, akajifuta uso, akachomekea shati, moyo ukimwenda mbio kama bwana harusi anayengoja kuitwa ndani.