Kanuni ya Kazi Kuonekana

Wanyama walipokuwa na vyuo vya ufundi, Mnana alifundisha kusuka viota, Mchwa kujenga vichuguu, na Fuko, mwoga wa kila mtikisiko, kuchimba mashimo ya kujificha. Pimbi, mwenyekiti mpenda utaratibu, akavitungia vyuo vyote kanuni moja: kazi isiyoonekana na mkaguzi haifaulu.

Fuko akakosa usingizi. "Mzee Pimbi, shimo letu likionekana limeharibika."

"Kanuni ni msumeno, Fuko. Hukata mbele na nyuma."

Siku ya mtihani, wanafunzi wa Fuko, kwa kuogopa kufeli, wakalundika udongo mwekundu milangoni mwa mashimo yao. Wakafaulu wote isipokuwa Sange mkaidi, aliyelifunika lake kwa majani kama alivyofundishwa. Pimbi, ambaye ndiye aliyekuwa mkaguzi, alilikanyaga asilione, akamfelisha.

Hata pongezi hazijaisha, Swila, nyoka mwenye sumu kali, akatokea, kichwa juu. Waliofaulu wakakimbilia mashimo yao, wakageuka mbio: Swila naye alikuwa ameuona ule udongo. Sange akafunua majani, wote wakajitosa kwake, Pimbi akiwatangulia, kisha Sange akayarudisha majani.

Humo gizani, juu yao majani yakachakarika. Pimbi akanong'ona, "Fuko, shimo hili litafaulu?"

"Nyamaza, mzee. Mkaguzi ndiyo kwanza anapita."