Mtoto wa Ishirini

Mkaguzi mwenye suti ya abacost alihesabu watoto kwa ncha ya biki yake, kisha akaandika: ishirini.

Mama mwalimu alishangaa. Yeye alijua ni kumi na tisa, mayatima wote wa vilima vya Nyangezi, na kila mmoja alikuja na tofali lake la kukalia kwa kuwa shule haikuwa na benchi. Bila ishirini shule haifunguliwi. Alikuwa amejiandaa kumpigia mkaguzi magoti.

"Bien, citoyenne. Iko vingt kamili. Sasa majina."

Mwalimu aliwataja mmoja mmoja, nao wakasimama na kukaa. Baada ya wa kumi na tisa, biki ilibaki hewani, ikielekea pembeni, karibu na dirisha. Pale palikuwa na tofali tupu, ambalo mwalimu hakujua nani amelileta. Watoto waliokaa karibu nalo walikuwa wamesogea kidogo, kama wanaompisha mwenzao.

"Na huyu kadada? Hasemi?"

Mwalimu aligeukia lile tofali; hakuona mtu.

"Maman, bila jina niko namufuta. Itabaki dix-neuf, na hawa wote watarudia barabarani."

Aliwatazama wale kumi na tisa. Kisha akatamka jina ambalo halijamtoka mdomoni tangu mto Ruzizi umchukue binti yake.

"Nsimire."

"Ah, voilà." Mkaguzi aliandika, akatabasamu kule pembeni. "Lakini mumutafutie nguo ingine, maman. Hii imelowa maji yote."

Kando ya tofali, vumbi lilikuwa linaanza kugeuka tope.