Shetani ni Fala

Ndinda aliomba jambo moja tu: kikao kisifanyike katika ofisi ya mchungaji, kifanyike palepale mbele, penye madhabahu.

"Mtoto alikosea mbele za Mungu," alisema. "Ahukumiwe mbele za Mungu."

Mzee Mulinge, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, alipendezwa na unyenyekevu huo hata akabeba kiti chake mwenyewe. Bilha, mwalimu wa watoto wa Jumapili, akafuata na chake. Mchungaji Kyule akaja nyuma, bado anatafuna hindi la kuchoma. Ndinda alikuwa amewatangulia. Ndiye aliyekuwa akilifagia kanisa lile, akilifungua na kulifunga, akitangaza kwa spika yake misiba na mbuzi waliopotea. Siku hiyo, japo ilikuwa siku ya soko na alikuwa na mboga za kuuza, alifika mapema akapanga maua ya plastiki katikati ya meza, mengi kuliko ya harusi.

Mshtakiwa hakuwapo. Kasiva, mjukuu wa Ndinda mwenye miaka saba, alikuwa nje akiruka kamba.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Jumapili iliyopita Bilha alimwambia afunge darasa kwa maombi. Kasiva akafumba macho, akasema, "Bwana, asante kwa kumshinda shetani. Shetani ni fala. Amina." Watoto wakaitikia amina kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika hapo Matiliku.

Sasa Bilha alitaka mtoto asimamishwe mbele ya kanisa zima, atubu kwa sauti, na asiende mjini Wote kuimba na wenzake. Tangu aliposikia hayo, Kasiva alikuwa anaacha nusu ya chakula chake. "Susu, wote watakuwa wananitazama?" alikuwa akimwuliza bibi yake.

"Wazee wangu," Ndinda alianza, "fala ni neno la barabarani tu. Na aliyeitwa ni shetani."

"Hata shetani haitwi hivyo kanisani," Mulinge alisema.

"Basi nisaidieni. Mimi kusoma kwenyewe nimejifunza uzeeni, maneno ya siku hizi yananipita. Niambieni lipi ni tusi na lipi si tusi, nimkanye mtoto sawasawa. Na mseme kwa nguvu, masikio haya yamechoka."

Kisha akainamisha kichwa, kwa maana hakuwahi kuanza kazi bila maombi. "Bwana," alinong'ona, "wafungue vinywa."

Bwana hakuchelewa.

"Mjinga si tusi," Mulinge alisema, akikohoa kama anayeanza mahubiri. "Mpumbavu ni tusi kidogo. Fala ni tusi kamili."

"Na shenzi?"

"Shenzi nimemwita punda wangu leo asubuhi." Akafikiri. "Hilo linategemea punda."

"Ghasia je?" Bilha aliuliza. "Maana mimi dada ya mume wangu nilimwita ghasia, na Krismasi akaja tukala naye vizuri tu."

"Alisikia?" mchungaji akauliza.

"Aah, wapi!"

"Basi si tusi."

Wakacheka. Kicheko kikawalegeza. Mulinge akakumbuka lile la Kiingereza, bladifakin, akalitamka polepole, kama mtu anayefyonza mfupa wa supu. Bilha akafunika uso kwa leso, kisha akaongeza mawili ambayo mama yake alikuwa akiwarushia nyani waliovamia mahindi. Ndinda alitikisa kichwa kwa mshangao. Akaomba la pili lirudiwe, hakulishika vizuri. Bilha akalirudia, kwa nguvu.

"Mimi nitawaambia ukweli," mchungaji alisema, akiegemea meza. "Chifu wetu akishika maiki kwenye mazishi akaanza kusalimia watu mmoja mmoja, jua linawaka, maiti inangoja, mimi moyoni huwa nasema: fala huyu."

"Fala na nusu!" Mulinge alipiga meza, maua yakatikisika. Ndinda akayashika upesi.

"Fala wa kata nzima," Bilha akamalizia, machozi ya kicheko yakimtoka.

Kelele za soko zilikuwa zimeanza kupungua. Wauza nguo waliacha kuita wateja. Hata pikipiki hazikusikika.

"Mvua hiyo," Mulinge alisema, akijipangusa macho. "Watu wanafunga vibanda. Haya, tumalize." Akavaa tena uso wa uenyekiti. "Kamati imeona kwamba fala ni tusi. Atakayelitamka atasimama mbele ya kanisa Jumapili na kutubu."

"Yeyote?" Ndinda aliuliza.

"Yeyote."

"Hata akiwa mtu mzima? Hata akiwa mzee wa kanisa?"

"Dada Ndinda, sheria ni msumeno. Hata mzee. Hata mchungaji."

"Amina," mchungaji alisema.

"Nawe, mwalimu?"

"Mimi naunga mkono," Bilha alijibu. "Mikono yote miwili."

Ndinda alishusha pumzi, kama mtu aliyetua debe la maji. Wakati huo huo Kasiva alichungulia mlangoni, kamba mkononi, macho yamemtoka.

"Susu, watu wote sokoni wamesimama. Wanaangalia ile spika ya juu ya paa." Akameza mate. "Na chifu pia."

Ndinda alisogeza maua pembeni, akaiinamia maiki iliyokuwa katikati yake, akasema kwa ile sauti yake ya kila siku ya soko:

"Na huo ndio mwisho wa matangazo ya leo. Mbarikiwe."