Mtihani Ndani ya Kabati

Lois alitundika blanketi mlangoni mwa kabati la nguo, kwa ndani, kisha akaketi sakafuni katikati ya makoti ya baridi. Binti yake Maureen alikuwa ameshakaa, miguu ameikunja, simu gotini, glasi ya maji kando.

"Ongea polepole. Baba yako asisikie."

Zachariah alikuwa amelala chumba cha pili. Kila akitoka kusafishwa damu kwa mashine hospitalini hulala hivyo, kama mzigo uliotuliwa. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusema heri tufe kuliko tuseme uongo. Lois hakuogopa kufa yeye. Aliogopa siku ambayo ile mashine ingekataa kumpokea mumewe.

Yote yalianza na karatasi moja iliyobandikwa ukutani kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Bloomington. Kila kiongozi wa zamu, kama Lois, lazima ajue Kihispania, na atapimwa kwa simu kabla miezi mitatu haijaisha. Asiyejua atapunguziwa saa. Saa chache hazina bima, na bima ndiyo iliyolipia mashine ya Zachariah. Na atakayeweka mtu ajibu badala yake atafukuzwa siku hiyo hiyo.

Mkutanoni Muriuki wa jikoni alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Miaka kumi na miwili Lois amewaosha wazee wenu, amewageuza, amewafumba macho wakifa. Leo ati hatoshi? Mbona hamkuuliza Kiswahili? Nusu ya wafanyakazi hapa wanalia kwa Kiswahili!"

"Wafanyakazi hawalii kwangu, Muriuki," meneja akajibu. "Wanaolia ni wagonjwa."

Watu wakaguna. Lois hakuguna. Alimkumbuka bibi wa chumba cha tisa, Mmeksiko, aliyerudia neno moja siku tatu huku wao wakimletea maji. Kumbe jeraha lilikuwa likimchoma chini ya bendeji. Meneja alisema kweli.

Alijaribu kujifunza. Miezi miwili, kwenye basi kwenda na kurudi, visikizi masikioni. Maneno yaliingia asubuhi, jioni yakawa yameshatoka. Na wenzake waliweza! Blandina, ambaye hata Kiingereza cha kubishana na mwenye nyumba kilimshinda, alifaulu wiki mbili zilizopita. Imaculata akafaulu Jumanne. Wote wawili walisimama kanisani, pale Brooklyn Center, wakashuhudia jinsi Mungu alivyowafungua ndimi. Vigelegele vikapasua dari. Lois naye alipiga, machozi yakimlengalenga. Katika kanisa lile zima, aliona mwongo ni yeye peke yake, aliyepanga binti yake amjibie mtihani.

"Relax, Mum," Maureen alisema. Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wa huku ughaibuni. Kihispania ndicho kilichomtoka kama maji. Lois alimwandikisha shule ya Kihispania tangu chekechea, si kwa kuona mbali, ila kwa kuwa basi la shule ile lilipita mlangoni pao.

"Na akikuuliza kitu usichokijua?"

Maureen akamweleza bila haraka. Mtahini ataanza na hali ya hewa. Kisha mgonjwa aliyeanguka bafuni. Mwisho, binti wa mgonjwa amepiga simu akiwa na hasira, mtulize.

"Wewe umejuaje?"

Maureen akainua mabega, akanywa maji.

Mtoto mwema huyu, Lois aliwaza. Kila Jumamosi anashinda kwa akina Blandina akimfundisha kijana wao Allan hesabu. Na mimi, mama yake mzazi, ninamfundisha wizi.

Simu ikalia. Lois akashika mkono wa koti lililokuwa karibu, kama mtu anayezama.

Maureen akaweka spika, akataja jina la mama yake, akataja tarehe ya kuzaliwa ya mama yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ikawa nzito, yenye uchovu, sauti ya mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyeuguza wazee wa watu. Alibadilika kirahisi, kama mtu anayevaa viatu alivyokwisha kuvizoea.

Upande wa pili alikuwa mwanamke mpole. Alieleza kwa Kiingereza kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Kisha Kihispania kikaanza.

Lois aliambulia neno la theluji tu. Hali ya hewa. Mengine yalipita juu ya kichwa chake. Mara mtahini akacheka. Anacheka nini? Mgonjwa wa bafuni akapita. Binti mwenye hasira akapita.

Mara chumba cha pili Zachariah akakohoa. Kitanda kikalia. Lois akaziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akahesabu pumzi. Bwana, dakika moja tu. Nipe dakika moja, kisha unipige unavyotaka.

Kitanda kikanyamaza.

Simuni mtahini akasikika akifunua karatasi. Kisha akauliza swali moja, fupi, kwa sauti ile ile ya upole.

Maureen akageuka kumtazama mama yake.

Glasi ikamponyoka, maji yakaenea chini ya makoti.

"Amesema nini?" Lois akanong'ona. "Maureen! Mjibu! Amesema nini?"

Maureen akafunika simu kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akamjibu mama yake kwa Kiswahili.

"Mum, anauliza leo mimi ni Blandina ama Imaculata."